Deni la Kenya: asilimia inapanda na kushuka, mzigo uko wapi?

Katika muda wa takribani miaka kumi, deni la serikali ya Kenya lilipanda kutoka kiasi cha asilimia 40 ya pato la taifa hadi zaidi ya asilimia 70 mwaka 2023. Katikati ya mwaka 2024 likashuka na kukaribia asilimia 66, na mwaka uliofuata likapanda tena hadi karibu asilimia 68. Anayezisikia takwimu hizo kwa kupita anaweza kudhani kwamba jirani zetu walikopa sana, wakalipa kiasi, kisha wakakopa tena. Mambo hayakwenda hivyo. Katika mwaka ule ule ambao asilimia ilishuka, deni lenyewe lilizidi kukua: mwishoni mwa Juni 2023 lilikuwa kiasi cha shilingi za Kenya trilioni 10.3, na Juni 2024 lilikuwa limefika kiasi cha trilioni 10.6. Kufikia Juni 2025 lilikuwa trilioni 11.8.

Deni likue, asilimia ishuke: hilo lawezekanaje? Swali hili lina uzito kwa msikilizaji wa Uganda kuliko linavyoonekana. Sehemu kubwa ya shehena zetu hupita Mombasa. Baadhi ya mabenki tunayoweka akiba zetu yana makao makuu Nairobi. Reli ya kisasa iliyokusudiwa kufika Malaba ilikomea njiani, na sababu kubwa ilikuwa ni hesabu hizi hizi za madeni. Aidha, Uganda nayo hupimwa kwa kipimo hicho hicho, na deni letu sasa ni takribani nusu ya pato la taifa.

Pato la nani?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Huchukuliwa deni lote la serikali, la ndani na la nje, likagawanywa kwa pato la taifa, yaani thamani ya vitu na huduma zote zilizozalishwa nchini katika mwaka mmoja. Humo mna mahindi ya Trans Nzoia, chai ya Kericho, nauli za matatu, ada za kutuma fedha kwa simu, mishahara ya walimu na kodi za nyumba.

Sisi tunaofasiri habari za uchumi tumelizoea neno "pato" hata hatuoni tena mtego uliomo ndani yake. Humfanya msomaji afikiri kwamba fedha hizo ni za serikali. Sizo. Nchini Kenya, katika kila shilingi 100 za pato la taifa, serikali hukusanya kama kodi shilingi 14 au 15 hivi. Kulinganisha deni la serikali na pato la taifa ni sawa na kulinganisha deni la mzee mmoja na mavuno ya ukoo mzima. Mavuno yapo, ila mzee hana ruhusa ya kuingia katika kila ghala.

Kwa nini basi kipimo hiki kinatumika? Kwa sababu trilioni peke yake haisemi kitu. Shilingi trilioni moja ni mzigo wa kuvunja mgongo kwa nchi moja na ni mzigo wa kawaida kwa nyingine. Kipimo cha asilimia huwezesha nchi kulinganishwa, na huonyesha, angalau kwa mbali, ukubwa wa uchumi ambao siku moja unaweza kutozwa kodi ili deni lilipwe. Ndiyo maana nchi za Afrika Mashariki zilipotia saini Kampala, tarehe 30 Novemba 2013, itifaki ya umoja wa fedha, ziliandika humo kwamba deni la nchi mwanachama lisizidi asilimia 50 ya pato lake, likihesabiwa kwa thamani ya sasa.

Maneno hayo matatu ya mwisho, "thamani ya sasa", hayafai kurukwa. Mkopo wa miaka 30 kutoka Benki ya Dunia wenye riba ndogo hauumizi sawa na mkopo wa miaka mitano wa riba kubwa, hata kama kiasi kilichoandikwa ni kimoja. Katika hesabu ya thamani ya sasa, mkopo nafuu huhesabika kuwa mdogo zaidi. Kwa hiyo ukisikia asilimia mbili tofauti za deni la nchi moja katika wiki moja, kabla ya kumshuku msemaji wa serikali au wa upinzani, uliza kwanza kila mmoja anahesabu kwa njia ipi.

Njia nne za kuisogeza asilimia

Mwaka 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipoanza kazi, deni la Kenya lilikuwa kiasi cha asilimia 60 ya pato la taifa. Miaka mitano baadaye lilikuwa limekaribia asilimia 40. Deni kwa shilingi halikupungua katika kipindi hicho. Kilichotokea ni kwamba uchumi ulikua, ukafikia ukuaji wa takribani asilimia 7 mwaka 2007, na makusanyo ya kodi yakaongezeka, hata serikali ikahitaji kukopa kidogo zaidi. Kenya, kinyume na Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, haikufutiwa madeni katika ule mpango wa kimataifa wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Ilionekana kuwa inaweza kujibebea mzigo wake.

Ukuaji hufanyaje kazi hiyo? Chukua nchi yenye pato la 100 na deni la 70. Tuseme riba ya wastani ni asilimia 8, na serikali hailipi hata senti ya riba hiyo kutoka katika kodi bali inaikopa yote. Mwisho wa mwaka deni ni 75.6. Lakini kama uzalishaji pamoja na bei vimeongeza pato kwa asilimia 10, pato sasa ni 110, na deni ni chini kidogo ya asilimia 69. Limeshuka bila kulipwa. Geuza riba iwe asilimia 12, na deni linakuwa 78.4, yaani zaidi ya asilimia 71. Hatima ya nchi yenye deni imo katika mbio hizo za riba na ukuaji, na mfumuko wa bei ni mshiriki wa siri, kwa sababu bei zikipanda pato huonekana kubwa zaidi hata kama magunia ghalani ni yale yale.

Njia ya tatu ni ya makarani. Mwezi Septemba 2014 wataalamu wa takwimu wa Kenya walibadilisha mwaka wa kizio kutoka 2001 hadi 2009, wakaingiza katika hesabu shughuli ambazo zamani hazikuonekana vizuri, na pato la taifa likakutwa kubwa kwa takribani robo nzima. Kenya ikahesabiwa kati ya nchi za kipato cha kati cha chini. Deni ambalo jana lilikuwa asilimia 50 ya pato, leo lingekuwa asilimia 40, na hakuna aliyelipa chochote. Hapakuwa na udanganyifu. Simu za mkononi na biashara mpya zilikuwepo kweli, na nchi zote hufanya hivyo, Uganda ikiwamo. Hata hivyo, pato lililogunduliwa kwenye karatasi halikuja na kodi yake. Serikali ilipata nafasi mpya ya kukopa bila kupata uwezo mpya wa kulipa, na kwa maoni yangu hilo lilichangia pakubwa ujasiri wa miaka iliyofuata.

Maana mwezi Juni mwaka huo huo, Kenya ilikuwa imeingia kwa mara ya kwanza katika soko la kimataifa la hatifungani za dola, zijulikanazo kama Eurobond, na kukopa dola bilioni 2. Mwezi Desemba ikaongeza dola milioni 750. Mwezi Mei ilikuwa imetiwa saini mikopo ya China kwa ajili ya reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, kiasi cha dola bilioni 3.6, na sehemu iliyo kubwa zaidi ilikuwa ya masharti ya kibiashara. Reli ilifunguliwa mwishoni mwa Mei 2017. Hatifungani nyingine zikafuata mwaka 2018, 2019 na 2021. Kuanzia hapo mikopo nafuu ya kizamani ilianza kuzidiwa na mikopo ya sokoni, na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, ambalo hadi mwaka 2018 lilikuwa likiiweka Kenya katika kundi la hatari ndogo, likaipeleka katika kundi la hatari ya wastani, na Mei 2020, ugonjwa wa Uviko ukiwa umeanza, katika kundi la hatari kubwa.

Njia ya nne ya kuisogeza asilimia ni bei ya dola, nayo ndiyo inayofumbua fumbo la mwaka 2023 na 2024. Karibu nusu ya deni la Kenya ni la fedha za kigeni. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 123 hivi. Mwisho wa mwaka ilikuwa zaidi ya 156, na Januari 2024 ikagusa 160. Kila dola bilioni moja iliyokopwa zamani ikawa imevimba kutoka shilingi bilioni 123 hadi bilioni 160, bila mkopo mpya wowote kutiwa saini. Wawekezaji walikuwa na hofu moja: ile hatifungani ya miaka 10 ya mwaka 2014, iliyokuwa imefikia jumla ya dola bilioni 2, ingeiva tarehe 24 Juni 2024, na haikujulikana fedha zingetoka wapi.

Mwezi Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 mpya, ikazitumia kununua sehemu kubwa ya lile deni la zamani. Hofu ikatulia. Ndani ya majuma machache dola ikashuka hadi kiasi cha shilingi 130, na hapo imekaa kwa muda mrefu. Deni la nje likanywea kwa shilingi, na asilimia ikashuka. Lakini tazama gharama. Mwaka 2014 fedha hizo zilikopwa kwa riba ya asilimia 6.875, mwaka 2024 wakopeshaji walidai zaidi ya asilimia 10. Na dola zilizoingia kwa thamani ya shilingi kati ya 87 na 90 zililipwa kwa shilingi 129 au zaidi: mkopo ulioleta kiasi cha shilingi bilioni 176 uliondoka na zaidi ya bilioni 258, achilia mbali riba ya miaka yote kumi.

Mlipa kodi na mlipa kodi

Sehemu iliyobaki ya hatifungani hiyo, zaidi ya dola milioni 500, iliyokuwa ikiiva Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2024, ililipwa kwa wakati. Siku iliyofuata tarehe hiyo, Jumanne, vijana waliingia katika majengo ya bunge jijini Nairobi.

Nisingependa kuifanya sadfa hiyo kuwa hoja kubwa kupita kiasi, maana malalamiko ya vijana wale yalikuwa mengi, ufisadi na ukosefu wa ajira yakiwa mbele. Hata hivyo, muswada wa fedha walioupinga ulikusudia kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi kwa mwaka, na serikali ilieleza waziwazi kwamba kodi hizo, miongoni mwake pendekezo la kodi ya mkate na ya magari, zilitakiwa ili nchi ipunguze kukopa. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma yale. Rais William Ruto alikataa kutia saini muswada huo tarehe 26 Juni. Mwezi Julai kampuni ya Moody's ikaishusha Kenya daraja, kwa hoja kwamba uwezo wa serikali wa kuongeza mapato ulikuwa umepungua.

Ukirudi kwenye mfano wa mzee na ukoo, ilikuwa siku ambayo ukoo ulifunga milango ya maghala. Pato la taifa lilikuwa pale pale, na asilimia ya deni ilikuwa imeshuka, lakini sehemu ya pato ambayo serikali ingeweza kuifikia ilikuwa na kikomo ambacho hakikuandikwa katika jedwali lolote. Ndiyo maana wachumi wengi hutazama kipimo cha pili: riba ikilinganishwa na kodi iliyokusanywa. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, Kenya ililipa riba ya zaidi ya shilingi bilioni 800, ambayo ni zaidi ya theluthi moja ya mapato ya kawaida ya serikali. Ukiongeza marejesho ya mikopo yenyewe, zaidi ya nusu ya kodi ilikuwa imepata mwenyewe kabla mwalimu au muuguzi hajalipwa.

Sehemu kubwa ya riba hiyo wala haiendi Beijing wala Washington. Inabaki Nairobi. Deni la ndani limeshalipita deni la nje, na wanaolidai ni mabenki, mifuko ya pensheni, kampuni za bima na wananchi wenye akiba. Mwezi huo huo wa Februari 2024 serikali iliuza nyumbani hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, isiyotozwa kodi. Kwa mwenye fedha, ilikuwa neema. Kwa mwenye duka la nafaka aliyetaka mkopo wa kujaza ghala, ilikuwa balaa: benki gani itajisumbua kumkopesha yeye wakati serikali inalipa asilimia 18 na haikimbii? Mkopeshaji na mlipa kodi ni Wakenya wote wawili, ila mara nyingi si Mkenya yule yule.

Kuna pia madeni yasiyoingia katika asilimia. Wakandarasi na wauzaji bidhaa wanaoidai serikali malipo ya kazi waliyokwisha kuifanya hawahesabiwi pamoja na wenye hatifungani, ingawa madai yao ni mamia ya mabilioni. Mwaka 2025 serikali ilibuni njia ya kuwalipa wakandarasi wa barabara: ilichukua shilingi 7 kati ya shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara katika kila lita ya mafuta, ikaahidi mapato hayo ya miaka ijayo kwa wawekezaji, ikapata shilingi bilioni 175 mara moja. Serikali ilisema huo si mkopo. IMF iliona kwamba ni deni. Mwendesha bodaboda wa Kisumu, kwa upande wake, anaulipa ushuru huo vyovyote utakavyoitwa.

Sheria nazo zimekuwa zikihama. Mwaka 2019 bunge la Kenya liliacha kikomo cha asilimia 50 na kuweka kikomo cha shilingi trilioni 9. Mwaka 2022 kikapandishwa hadi trilioni 10. Mwaka 2023, trilioni 10 zikiwa zimeshafikiwa, sheria ikarudi kwenye asilimia: 55 kwa thamani ya sasa, na ruhusa ya kuzidi kwa asilimia 5, na serikali ikapewa miaka kadhaa ya kufika hapo.

Asilimia ndogo si salama

Mwezi Desemba 2023 Ethiopia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 33 kwa hatifungani yake ya pekee ya kimataifa. Deni lake lote lilikuwa chini ya nusu ya pato la taifa, asilimia ndogo kuliko ya Kenya kwa mbali. Kilichokosekana ni dola. Kenya, yenye asilimia kubwa zaidi, haijawahi kukosa malipo ya hatifungani zake za kimataifa. Japani ina deni la zaidi ya asilimia 200 na hukopa kwa urahisi, kwa sababu wanaoidai wengi ni Wajapani wenyewe na deni ni la yeni.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina asilimia ndogo kabisa kati ya majirani wetu wakubwa, kiasi cha robo ya pato au pungufu. Ilifutiwa madeni mwaka 2010 na tangu hapo wakopeshaji hawakuikimbilia. Somalia ilifikia hatua hiyo Desemba 2023, na deni lake likaporomoka kutoka asilimia 64 ya pato hadi chini ya asilimia 6. Katika nchi hizo mbili asilimia ndogo inasema zaidi juu ya milango iliyofungwa kuliko juu ya mfuko uliojaa.

Kenya imeendelea kuibadilisha mikopo yake badala ya kuipunguza. Mwaka 2025 ilikopa mara mbili katika masoko ya nje ili kununua hatifungani zilizokuwa zikikaribia kuiva, na mwezi Oktoba mwaka huo ikatangaza kwamba mikopo ya reli kutoka China imegeuzwa kutoka dola kuwa yuan, hatua iliyotarajiwa kuokoa kiasi cha dola milioni 215 kwa mwaka kwa sababu riba ya yuan ilikuwa ndogo. Mpango wake na IMF ulisitishwa mwezi Machi kwa makubaliano ya pande zote mbili. Kusogeza tarehe za kulipa ni jambo la busara kwa mtu aliyebanwa, na limewatuliza wakopeshaji. Tofauti kati ya riba na ukuaji haijaguswa.

Reli iliyojengwa kwa mikopo hiyo ilifika Naivasha mwaka 2019 na ikakwama, kwa kuwa China haikutoa fedha za kuifikisha Malaba. Tangu wakati huo makontena yanayokuja kwetu kwa treni hushushwa pale, yakapakiwa kwenye malori au kwenye reli nyembamba iliyojengwa enzi za Waingereza. Uganda iliyokuwa imekubaliana na kampuni ya China kujenga upande wake ilivunja mkataba huo mwaka 2023, na Oktoba 2024 ikatia saini mwingine na kampuni ya Uturuki ya Yapi Merkezi: kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, kwa euro bilioni 2.7. Fedha hizo nyingi zitakopwa, nazo zitakopwa kwa euro.